Swali la mama mdogo: je, volkano inatoboa ozoni?

Usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, Mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukateremka hadi pembezoni mwa mji wa Goma. Kabla hakujapambazuka, picha za anga jekundu zilikuwa zimeshafika kwenye simu za watu huku Mwanza. Jumatatu jioni simu yangu ikaita. Alikuwa mama mdogo, ambaye huanika dagaa kwenye mwalo wa Igombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi hiyo volkano ya Congo ni kweli imetoboa ozoni? Hapa mwaloni wanasema jua la wiki hii si la kawaida. Nimzuie mtoto asiende shule?"

Mtoto aliyemsema ni binti yake wa mwisho, ambaye ana ualbino. Ngozi yake haina rangi ile inayotukinga sisi wengine, na katika familia yetu habari za jua si mazungumzo ya kupitisha muda. Tunazijua kofia zake zote, tunajua saa anayotakiwa kuwa kivulini, tunajua mafuta ya kujikinga na jua yanavyoadimika. Swali lilikuwa zito, nami nikalijibu kwa wepesi: "Hapana, mama. Congo ni mbali, mwache aende."

Jibu lilikuwa sahihi, ila sababu niliyoitoa haikuwa sahihi. Kutoka Mwanza hadi Nyiragongo ni kama kilomita 420 ukipima kwa mstari ulionyooka. Mlima Pinatubo wa Ufilipino uko karibu kilomita 10,000 kutoka hapa, na ulipolipuka Juni 1991 wingu lake liliizunguka dunia kwa muda wa wiki tatu hivi, likapita juu ya ziwa letu, na ozoni iliyo juu ya vichwa vyetu, ile gesi inayotukinga na mionzi mikali ya jua, ikapungua. Mlima wa karibu haukutugusa, wa mbali ulitugusa. Kumbe umbali si kipimo. Vipimo ni vitatu: kimo ambacho moshi umefika, salfa iliyobebwa humo, na kile ambacho sisi binadamu tulikuwa tumeshakimwaga angani kabla mlima haujalipuka. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika kila volkano inapotajwa, na ndicho kilichonifanya niandike haya.

Kiwanda huku, ghala kule

Ukisimama karibu na mafundi wa kuchomelea vyuma pale Nyakato, utasikia harufu kali inayokwaruza pua. Sehemu ya harufu hiyo ni ozoni. Mwali wa kuchomelea hutoa mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye chupa za mafuta ya kujikinga na jua. Mionzi hiyo ikipiga molekuli ya oksijeni, ambayo ni atomi mbili zilizoshikana, inaipasua. Atomi iliyobaki peke yake haikai mpweke. Inadandia molekuli nyingine ya oksijeni, na hapo unapata atomi tatu pamoja. Hiyo ndiyo ozoni.

Jua hufanya kazi hiyohiyo angani, kati ya kilomita 15 na 35 hivi kutoka ardhini. Ozoni ikishaundwa, nayo hupigwa na mionzi ya urujuanimno, inavunjika, halafu inaundwa tena. Katika kule kuvunjika na kuundwa ndimo mionzi yenye madhara inamomalizikia kabla haijatufikia. Mwanasayansi Mwingereza, Sydney Chapman, aliueleza mzunguko huo mwaka 1930. Mpaka leo maelezo yake yanashika, isipokuwa hesabu yake ilitoa ozoni nyingi kuliko iliyopo kweli. Palikuwa na kitu kingine kinachoila, na habari hiyo tutaikuta mbele.

Neno "tabaka la ozoni" linatupotosha kidogo, maana tunafikiria kitu kama bati juu ya nyumba. Ozoni imetawanyika mno. Ungeikusanya yote iliyo juu yako, ukaishusha hadi usawa wa bahari na kuigandamiza kwa uzito wa hewa ya huku chini, ungepata unene wa milimita 3 tu, kama sarafu mbili zilizopangwa. Na hiyo ni wastani wa dunia. Kwetu huku ukanda wa ikweta ni pungufu ya hapo, milimita 2 na nusu na kidogo.

Hapo watu hushangaa. Si jua kali liko huku? Mbona ozoni ichache iko huku? Ni kweli kwamba ozoni nyingi hutengenezwa juu ya tropiki, kwa sababu jua letu ndilo linalopasua oksijeni kwa nguvu. Lakini hewa ya huko juu husafiri. Hupanda taratibu juu ya ikweta, halafu huelekea kaskazini na kusini, ikienda na ozoni yake. Kiwanda kiko kwetu, ghala liko kwao.

Kwa hiyo mtoto wa Igombe anaishi chini ya ozoni nyembamba hata siku ambayo hakuna mlima uliolipuka popote. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya bahari, na kila mita 1,000 unazopanda huongeza mionzi ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Mchanga mkavu ambao dagaa huanikwa hurudisha juu kama asilimia 15 ya mionzi hiyo, ndiyo maana kofia peke yake haimtoshi anayeinama juu ya mchanga kutwa nzima. Na mionzi hiyo haisikiki. Joto unalolihisi kwenye shingo ni kitu kingine. Siku ya mawingu mepesi na upepo wa ziwa, ukiwa huna hata jasho, ngozi isiyo na kinga inaweza kuungua vilevile.

Hili niliweke wazi, kwa kuwa pale mwaloni limechanganywa. Joto kupanda wiki fulani si dalili ya ozoni kupungua. Ni mambo mawili mbalimbali, hata kama yote yanatoka kwenye jua moja.

Paa ambalo radi hailivuki

Ukitaka kuelewa kwa nini Nyiragongo haukutufanya kitu, amka alfajiri ya msimu wa mvua utazame ziwani. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, unakutana pale, na hewa haina pa kwenda ila juu. Ndiyo mawingu yale ya radi ambayo wavuvi wa dagaa huyaogopa kuliko kitu kingine chochote. Kutoka ufukweni unaliona wingu likipanda kama mnara, linapanda, linapanda, halafu mahali fulani linakoma. Kichwa chake kinatandazika ubavuni, bapa, kama fuawe la mhunzi.

Wingu limekoma kwa sababu limegusa mpaka. Chini ya mpaka huo hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa hiyo hewa ya moto iliyo nyepesi huendelea kwenda juu. Juu ya mpaka mambo yanageuka: hewa inapata joto kadiri unavyopanda. Wingu likifika hapo linakuwa baridi na zito kuliko hewa iliyo juu yake, na linakwama. Katika ukanda wetu mpaka huo uko kilomita 16 au 17 juu. Sehemu ya juu yake ndiyo stratosfia, makazi ya ozoni. Na kinachoipa stratosfia joto ni ozoni yenyewe, inapomeza mionzi ya jua. Hili hunipendeza kila nikilifikiria, kwamba kichwa bapa cha wingu la radi unachokiona kutoka Igombe kinachorwa na ozoni usiyoiona.

Chini ya paa hilo kuna mvua. Moshi wowote, vumbi lolote, salfa yoyote inayobaki chini yake husafishwa na mvua ndani ya siku au wiki chache. Juu yake hakuna mvua. Kilichofanikiwa kupenya hukaa miezi, hata miaka.

Nyiragongo ni mlima wa uji. Lava yake ni nyepesi mno, inatiririka kama maji ya mafuriko, na gesi yake hutoka bila kubanwa sana. Inatisha kwa wanaoishi chini yake, na waliopoteza ndugu na nyumba Goma wanajua, lakini gesi hiyo hupanda kilomita chache tu. Ol Doinyo Lengai wetu, ulio kama kilomita 330 mashariki ya Mwanza, una lava ya kipekee duniani, yenye asili ya magadi, inayotoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikipoa. Milipuko yake ya 2007 na 2008 iliwamwagia majivu wafugaji wa bondeni, lakini ozoni haikuwa na habari nayo.

Inayovuka paa ni milima ya aina nyingine, yenye magma nzito, yaani mawe yaliyoyeyuka yakiwa bado ndani ya mlima, inayobana gesi mpaka ishindwe kuvumilia, kama chupa ya soda iliyotikiswa. Katika upande wetu wa dunia mfano wa karibu ni Nabro wa Eritrea, uliolipuka Juni 2011, kilomita zipatazo 2,000 kutoka hapa. Salfa yake, tani kama milioni 1.3 za gesi ya salfa dioksaidi, ilionekana stratosfia. Kwa Pinatubo, tani zilikuwa kati ya milioni 15 na 20.

Mchungaji, mbuzi na bustani

Tarehe 15 Juni 1991 Pinatubo ulitupa moshi hadi kilomita 35 juu. Majivu, ambayo ndiyo huonekana kwenye picha, yalianguka mapema, kwa hiyo tuyaache. Jambo la maana lilikuwa ile gesi ya salfa. Ndani ya wiki chache ilichanganyika na mvuke ikawa matone madogo sana ya asidi ya salfuriki, madogo kuliko ukungu wa asubuhi. Matone hayo yalitanda dunia nzima, yakarudisha sehemu ya mwanga wa jua, na mwaka 1992 dunia ikapoa kwa karibu nusu nyuzi ya Selsiasi. Ozoni nayo ikapungua. Katika ukanda wa tropiki, miezi ya mwanzo, upungufu ulikuwa kama asilimia 5 au 6. Huku kwetu sababu kubwa ilikuwa ya kimwili: matone yalipata joto, hewa ikanyanyuka, na mahali pake ikashika hewa ya chini yenye ozoni haba. Katika nchi za kaskazini sababu ilikuwa ya kikemia, na ndiko tunakotakiwa kukaza macho.

Matone ya salfa hayali ozoni. Unaweza kuweka salfa na ozoni pamoja na kungoja, usione kitu. Kinachokula ozoni ni klorini. Atomi moja ya klorini hunyakua atomi moja ya oksijeni kutoka kwenye ozoni, ozoni inavunjika, kisha klorini inaitua ile oksijeni na kubaki huru kwenda kunyakua nyingine. Haichoki wala haiishi. Inaweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni kabla haijatolewa angani.

Fikiria bustani ya mchicha kando ya ziwa. Klorini ni mbuzi. Oksidi za naitrojeni, ambazo ziko stratosfia kwa asili, ni mchungaji anayewazuia wasiingie. Kikemia, naitrojeni huishika klorini na kuunda nayo kampaundi tulivu isiyogusa ozoni. Ila mchungaji huyu naye anapenda mchicha. Huchuma jani hapa na pale, maana oksidi za naitrojeni zenyewe nazo huvunja ozoni. Huyu ndiye mlaji ambaye Chapman hakumjua, na aliyemtambulisha mwaka 1970 ni Paul Crutzen.

Sasa matone ya volkano yanafika. Juu ya uso wa kila tone, naitrojeni hubadilishwa kuwa asidi ya naitriki na kutolewa mchezoni. Ni kama mchungaji amelazwa usingizi. Bustani itakuwaje?

Inategemea mbuzi. Kama hakuna mbuzi, bustani inanawiri, kwa kuwa aliyekuwa akichuma majani amelala. Kama mbuzi wamejaa nje ya ua, asubuhi utakuta mashina matupu.

Hapo ndipo fundo lote linapofunguka. Tambora wa Indonesia ulilipuka mwaka 1815 kwa nguvu kubwa kuliko Pinatubo. Krakatau ulifuata mwaka 1883. Enzi hizo klorini ya stratosfia ilikuwa chache, ile ya asili tu, inayotoka hasa baharini na kwenye mimea. Hesabu za kemia zinaonyesha kwamba matone ya salfa katika hewa ya namna hiyo hayapunguzi ozoni kwa njia ya klorini. Yanaweza hata kuiongeza kidogo. Tone ni lilelile na salfa ni ileile, lakini matokeo yamegeuka, kwa sababu katikati ya karne ya ishirini mtu alileta mbuzi.

Gesi isiyo na harufu

Nikiwa kijana niliwahi kumpelekea fundi friji kuukuu la nyumbani. Alilipindua, akatafuta mrija mwembamba wa shaba mgongoni, akaukata kwa koleo. Gesi ikatoka ikifoka, na ukungu mweupe ukajitengeneza kwenye ncha ya mrija. Nilipogusa, shaba ilikuwa baridi ya kuuma. Niliruka nyuma. Fundi akanituliza. "Usiogope, hiyo haina madhara. Haina hata harufu." Ndani ya dakika moja ilikuwa imekwisha, naye akaendelea kuchomelea mrija ili ajaze gesi mpya.

Alisema kweli kwa alivyofundishwa. Gesi ya R-12, jamii ya zile ziitwazo CFC, zenye klorini ndani yake, haiwaki, haikupi sumu, haiozeshi chuma. Ilisifiwa kwa hilo tangu ilipobuniwa miaka ya 1920. Na hapo ndipo ulipo ubaya wake, kwamba haichanganyiki na chochote huku chini. Mvua haiioshi. R-12 hudumu angani kama miaka 100, muda wa kutosha kupepea hadi stratosfia, ambako mionzi ya urujuanimno hatimaye huivunja na klorini kufunguliwa. Mario Molina na Sherwood Rowland walilieleza hili mwaka 1974, na mwaka 1995 walipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Crutzen. Kufikia miaka ya 1990 klorini ya stratosfia ilikuwa zaidi ya mara tano ya ile ya asili. Pinatubo ulilipuka katikati ya kundi kubwa la mbuzi kuliko mlima mkubwa wowote uliotangulia.

Huwa nasikia mtu akibisha: si volkano nazo hutoa klorini? Tena kwa mamilioni ya tani? Ndiyo, hutoa, kwa umbo la gesi ya hidrojeni kloraidi. Lakini gesi hiyo hupenda maji kupita kiasi. Moshi wa volkano una mvuke mwingi, mvuke unageuka matone na barafu, na klorini inayeyuka humo na kurudi chini kama mvua ya asidi kabla haijavuka paa. Salfa dioksaidi haiyeyuki kwa wepesi huo, ndiyo maana hufika. Siku Pinatubo unalipuka, kimbunga kiitwacho Yunya kilikuwa kinapita palepale, mvua ikachanganyika na majivu hadi paa za nyumba zikaporomoka kwa uzito. Walipopima klorini ya stratosfia baada ya mlipuko, hawakuona ongezeko la maana. Kinyume chake, klorini ilikuwa imepanda hatua kwa hatua mwaka hadi mwaka sambamba na viwanda, na pamoja nayo florini, ambayo CFC inayo na ambayo haina njia nyingine kubwa ya kufika huko. Alama za vidole ziko wazi.

Nasisitiza hapa kwa sababu hoja ya "ni volkano, si sisi" inafariji, na mtu akishafarijika hatamwuliza fundi gesi ya zamani inakwenda wapi. Ukweli ni kwamba volkano ilionyesha ukubwa wa kosa letu. Bila klorini yetu Pinatubo usingefanya ulichofanya.

Baridi ya kusini, maji ya Tonga

Shimo la ozoni la Antaktika, lililotangazwa mwaka 1985 na Waingereza Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, ni kisa kilekile kwa ukali zaidi. Kule si lazima kuwe na volkano. Baridi ya majira ya kipupwe hutengeneza mawingu ya barafu ndani ya stratosfia, na juu ya chembe za barafu mchungaji analala kama anavyolala juu ya matone ya salfa. Susan Solomon, mwanakemia Mmarekani, ndiye aliyelipeleka wazo hilo mbele na kwenda kupima mwenyewe Antaktika mwaka 1986. Volkano ikiongeza matone yake juu ya barafu hiyo, shimo hupanuka. Aprili 2015 mlima Calbuco wa Chile ulilipuka, na Oktoba ya mwaka huo shimo likawa kubwa kuliko Oktoba yoyote iliyowahi kupimwa, wakati ambapo klorini ilikuwa imeshaanza kupungua na watu walitarajia nafuu. Ilichukua kazi ya Solomon na wenzake kutenganisha mkono wa Calbuco na mwelekeo mzima, na wakaonyesha kwamba uponyaji upo.

Halafu ikaja Tonga. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai, ambayo kilele chake kiko chini kidogo ya bahari ya Pasifiki, ilitupa moshi hadi kilomita 57. Salfa yake ilikuwa kidogo, kama tani nusu milioni. Lakini ilipandisha maji: karibu tani milioni 150 za mvuke, sawa na asilimia 10 ya mvuke wote uliokuwamo stratosfia. Stratosfia ni kavu kuliko jangwa lolote, na maji mengi hivyo kwa mpigo hayajawahi kupimwa humo. Watafiti walikimbilia kurusha maputo ya vipimo kutoka kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, wakati wingu likipita juu yao. Walikuta kwamba ndani ya wiki moja ozoni katika njia ya wingu ilikuwa imepungua kwa asilimia 5 hivi. Unyevu uliharakisha matone ya salfa kukua, na juu ya matone hayo klorini iliamka hata bila baridi ya Antaktika.

Sisi tunaoishi kandokando ya ziwa hatuko gizani katika mambo haya. Kila wiki, tangu mwaka 1996, puto lenye kifaa cha kupima ozoni huachiwa kupaa kutoka Nairobi. Hupanda likipima hatua kwa hatua hadi linapopasuka kwa wepesi wa hewa, kilomita 30 na zaidi juu. Ni mojawapo ya kumbukumbu chache za muda mrefu za ozoni ya ikweta, na hewa inayopimwa ni ya ukanda uleule unaopita juu ya Mwanza.

Kundi linapungua

Mkataba wa Montreal, wa kuziondoa gesi zinazoharibu ozoni, ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na utengenezaji wa CFC ukakoma rasmi duniani mwaka 2010. Klorini imekuwa ikipungua polepole tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa mwendo wa gesi inayodumu miaka 100. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa Januari 2023 inatarajia ozoni ya sehemu kubwa ya dunia kurudi hali ya mwaka 1980 ifikapo kama 2040, na ya Antaktika ifikapo 2066. Kwa hiyo volkano kubwa ikilipuka mwaka ujao bado itawakuta mbuzi wengi. Ikilipuka mwishoni mwa karne hii, itafanya madhara madogo zaidi. Mafriji ya leo yana R-134a au R-600a, ambazo haziumizi ozoni. R-134a inaongeza joto la dunia, na nchi zilikubaliana kuipunguza hapo jirani, Kigali, Oktoba 2016. Lakini mafriji na viyoyozi vya kale bado viko majumbani na kwenye maduka ya vyakula. Fundi anayevuta gesi ya zamani kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi, badala ya kukata mrija, anafanya kazi ambayo haionekani na ambayo naiheshimu sana.

Mama mdogo nilimweleza yote haya siku nyingi baadaye, tumekaa kivulini huku dagaa wakikauka. Nilimwambia nilikosea kusema habari ya umbali. Nilimwambia binti yake anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta kila siku ya Mungu, kwa sababu ya ikweta, mwinuko na mchanga, na kwamba Nyiragongo haukubadilisha chochote katika hesabu hiyo. Alisikiliza, akauliza kuhusu mbuzi mara mbili, akacheka kwa yule mchungaji anayechuma mchicha.

Aprili 2024 mlima Ruang wa Indonesia ulilipuka, na video zikaanza kusambaa tena. Safari hii alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nikisikia mashine ya mtumbwi.

"Mwanangu, hiyo ya Indonesia imepanda kilomita ngapi?"

Nikamjibu kwamba imevuka paa, imefika zaidi ya kilomita 20, ila salfa yake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ile ya Pinatubo.

"Haya. Basi kofia ni ileile."